Mcheza kwao hutunzwa, lakini sisi husubiri afe

Wiki mbili zilizopita hapa Longisa tulimzika mpiga gitaa. Jina lake silitaji, kwa sababu familia imeniomba nisilitaje, na waliomjua hawahitaji kuambiwa. Alikuwa mtu wa gitaa moja, spika moja na sauti ya kukwaruza kidogo, aliyepiga kwenye harusi, harambee na mikahawa ya barabara ya Bomet kwenda Narok kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mimi ni mtu wa Malindi. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta huku kwenye majani chai na baridi ya asubuhi, na huu ni mwaka wa sita. Mazishi nimehudhuria mengi, ya Pwani na ya huku, ila umati kama ule sijauona. Waendesha bodaboda walisindikiza gari la maiti kutoka mochari, honi juu, matawi ya miti yamefungwa mbele ya pikipiki. Vijana waliozaliwa baada ya nyimbo zake za kwanza walikuwa wakizijua neno kwa neno. Wazee walikaa kimya chini ya turubai. Gitaa lake liliegemezwa kando ya jeneza, na kila aliyepita aliligusa kidogo, kama mtu anayempa mwenzake mkono.

Mchango wa mazishi ulijaa kwa siku tatu. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa usiku ule ule aliofariki, na kufikia asubuhi nafasi zilikuwa zimeisha, likafunguliwa la pili. Mimi pia nilituma changu kwa M-Pesa, nikaweka na ule ujumbe wa mshumaa.

Baada ya matanga mjane wake aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha simu. Wimbo wa mumewe ulikuwa ukichezwa kwenye YouTube, picha yake imewekwa pamoja na maneno ya rambirambi, na hesabu ya waliousikiliza ilikuwa inapanda kila tukitazama.

“Mwalimu,” akaniuliza, “hii pesa ya watu kusikiliza inaenda kwa nani?”

Tulitafuta pamoja. Akaunti haikuwa ya mumewe, ilikuwa ya mwenye studio aliyemrekodi miaka mingi nyuma. Karatasi ya makubaliano haikuwepo. Wawili hao walipeana mikono, wakala nyama, wakaagana. Kwa hiyo wakati sisi tulikuwa tukilia na kubonyeza wimbo ule kwa majonzi, kila kubonyeza kwetu kulikuwa kunamlipa mtu mwingine.

Nimekaa na swali la mama yule tangu siku hiyo. Na kabla sijanyooshea mtu kidole, niseme la kwangu. Nyimbo za marehemu ninazo nyingi kwenye flashi. Nilijaziwa na kijana wa duka la sinema kwa shilingi hamsini. Kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu nilimrekodi kwa simu, nusu saa nzima, nikaisambaza kwa marafiki wa Mombasa nikijisifu kwamba huku bara nako kuna ngoma. Yeye mwenyewe sikumpa hata soda. Pesa yangu ya kwanza kwake ilikuwa ya jeneza.

Wahenga wa kwetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Najiuliza kama bado tunaelewa maana ya kutunzwa. Kutuza ni kumtilia mchezaji noti kwenye paji la uso akiwa bado anacheza, jasho linamtoka, anaiona na mkono unaompa anauona. Siku hizi tuzo huja na turubai na viti vya kukodi.

Hili si jambo la Longisa tu. Lakini huku lina historia ambayo watu wa Pwani wengi hatuijui, nami niliijulia huku huku. Ukitoka Longisa ukapita Bomet mjini, ukashika njia ya Kaplong, utafika Kapkatet, upande wa Kericho. Mwaka 1950 alifika hapo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi. Aliwakuta Wakipsigis wakiimba juu ya mtu aitwaye Chemirocha. Alipochunguza akagundua kwamba jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, yule anayeitwa baba wa muziki wa kantri, na ambaye watu wa roki nao humhesabu miongoni mwa wazee wao. Sahani zake zilifika huku na gramafoni za wageni, na ulimi wa Kipsigis ukalichukua jina ukalifanya la nyumbani. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Inayojulikana zaidi ni ile ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba waimbaji walimwazia Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swala, na wasichana walikuwa wakimkaribisha aje kucheza nao.

Jimmie Rodgers alikuwa amefariki Mei 1933, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 35. Yaani wasichana wa Kapkatet walikuwa wanamwalika dansini mtu aliyekufa miaka 17 nyuma. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilicheka. Baada ya mazishi ya juzi sicheki tena, kwa maana lina upande wa pili. Sauti ya Rodgers ilivuka bahari ikafika Kapkatet, na sauti ya Kapkatet nayo ilivuka ikaenda ikasikilizwa na dunia kwa miongo mingi, huku waimbaji wenyewe wakibaki na ng'ombe na mashamba yao bila kuisikia. Ilipita miaka sitini na kitu ndipo maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey kule Afrika Kusini, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells ambamo wamo Ketebul Music wa Nairobi, ikarudisha nakala Kapkatet. Walimkuta mmoja wa waliorekodiwa, mzee Cheriyot arap Kuri, yu hai, akaisikia sauti yake ya ujanani.

Wengine hawakusubiriwa na umri. Na hapa ndipo nataka wasomaji wa Pwani tujitazame, maana tunapenda kusema kwamba ustaarabu wa muziki ni wetu.

Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifia kwetu. Ilikuwa Januari 12, 1979, kwa ajali ya gari pande za Mombasa, akiwa na miaka 34. Mpaka leo ukipanda matatu ya usiku kwenda Kilifi huenda ukamsikia. Fundi Konde, mtoto wa Kilifi, miongoni mwa wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme nchini, alifariki mwaka 2000. Vijana wangapi wa Kilifi leo wanaweza kutaja wimbo wake mmoja? Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta, alifariki mwaka 2001, na “Malaika” ulikuwa umeshaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M, huku ubishi wa nani hasa aliutunga ukiendelea hata leo. Na Septemba 2024 alituacha Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, mtunzi wa “Jambo Bwana”, wimbo ambao hakuna hoteli ya ufuo isiyouchezea wageni. Boney M waliuimba kwa namna yao mwaka 1983. Alipofariki kila mtu aliandika kitu. Lakini jiulize, katika hoteli zote ulizowahi kuusikia wimbo ule, ni ngapi zilikuwa na leseni ya muziki, na katika fedha za leseni hizo, ngapi zilimfikia aliyeutunga?

Sheria ipo, na si mbaya kama tunavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 zaidi, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo, haki za tungo za Mbaraka ni hai hadi mwisho wa 2029. Za Fundi Konde hadi 2050. Za Teddy Kalanda hadi 2074. Rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa studioni, ina hesabu yake: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ndiyo maana ni muhimu kujua nani ana nini. Mwenye studio anaweza kuwa na haki ya rekodi, lakini haki ya utunzi haihami kwa kupeana mikono. Sheria inataka maandishi. Mama yule wa Longisa, kwa maana hiyo, hajapoteza kila kitu, na watoto wake wana nusu karne mbele yao. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha kuna vyama vya kukusanya mirabaha. MCSK kimekuwa cha watunzi, PRISK cha waimbaji na wapigaji, KAMP cha watayarishaji. Juu yao yupo msimamizi wa serikali, KECOBO. Kwenye karatasi mpango unaeleweka: redio, baa, matatu na hoteli hulipa, na fedha hugawiwa wenye kazi. Lakini mwaka 2019 MCSK ilipogawa fedha, wasanii wengi walipata shilingi zipatazo 2,500 kila mmoja. Mvutano kati ya MCSK na KECOBO kuhusu leseni nao umefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Ndovu wakipigana nyasi ndizo huumia, na nyasi hapa ni mpiga gitaa wa Longisa ambaye hata kujiandikisha hakujiandikisha.

Najua nitakayojibiwa. Watasema mpiga gitaa wa kijijini naye ana makosa: hakusoma mkataba, alitumia pesa zote siku ile ile, hakuweka akiba. Huenda ni kweli. Lakini fundi seremala naye hutumia pesa zake vibaya, na hatumwambii atutengenezee kitanda bure. Mwingine atasema wimbo ukisambazwa bure ndipo msanii anapojulikana na kuitwa kwenye harusi. Hilo lina ukweli ndani yake, na marehemu mwenyewe aliniambia hivyo. Harusi zilimlisha. Lakini harusi ni kibarua. Siku mkono ukiumwa hakuna harusi, na yeye aliumwa miezi minane.

Kwa hiyo tufanye nini? Siamini katika kuandika “serikali iingilie kati” na kulala. Naona mambo matatu yaliyo karibu.

Kwanza, karatasi. Kila mtu mwenye kijana anayepiga chombo, awe Bomet au Lamu, amsaidie kuandika ukurasa mmoja kabla hajaingia studio: nani ametunga, nani anarekodi, akaunti ni ya nani, fedha zitagawanywaje. Walimu, makarani, na ninyi mnaoandikia watu barua, hii ni kazi yetu. Nami niliyekaa na mtu yule miaka sita sikuifanya.

Pili, kaunti. Zote zina idara za utamaduni, na zote hualika wasanii siku za sherehe na kuwapa posho ya nauli. Kaunti ikiweza kulipia hema inaweza kumlipia msanii wake gharama ya kusajili nyimbo, na kuziweka nakala mahali pamoja. Kapkatet ilisubiri Afrika Kusini iirudishie sauti yake. Kilifi, Kwale na Mombasa zinasubiri nani?

Tatu, sisi mashabiki, na hapa ndipo penye uzito. Shabiki wa leo ana M-Pesa mfukoni. Ile shilingi mia tunayotuma kwenye kundi la mazishi inaweza kutumwa siku ambayo wimbo umekukosha, kwa namba ya mtu aliye hai. Ukimrekodi harusini, mlipe. Ukitaka wimbo, utafute kwenye akaunti yake mwenyewe kabla ya kubonyeza wa kwanza unaoletewa.

Jumapili nilirudi kwa mama yule na daftari. Tulikaa na kijana wake mkubwa tukaandika majina ya nyimbo zote wanazokumbuka, na mwaka kwa makisio. Mzee jirani aliyekuwa akipiga naye zamani alitusaidia kwa kuziimba, moja moja, tupate kuzitofautisha. Tulifika 43 giza likaingia. Alipokuwa akinipa chai ya kuagia, mama akaniuliza kama kusajili hizo zote kutachukua muda gani. Nikamwambia sijui, lakini Jumapili ijayo tunaendelea na zilizobaki, na mwenye studio tumeshampigia simu. Amesema atakuja.