Usuluhishi Usisubiri Ugomvi Uive

Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, ni mji wa uwanda wa juu wa Ufipa, nchi ya mahindi na maharage. Wenyeji husema kwamba maana ya jina hilo ni "tupa uchawi": aingiaye auache nje. Kwa wasomaji wetu wa Visiwani mji huo ni wa mbali, lakini jambo tunalolizungumza leo linawahusu, na linawahusu zaidi viongozi wenye dhamana ya watumishi wa umma. Jambo lenyewe ni kazi ya msuluhishi wa Serikali katika migogoro ya kazi.

Kazi hiyo si ngeni. Wazee wanamkumbuka Bwana Kazi, ofisa aliyepokea malalamiko ya vibarua na makarani. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilileta kamati za wafanyakazi na mabaraza ya usuluhishi, na neno la mwisho likawa la Waziri. Sheria mbili za mwaka 2004 zikaubadili utaratibu huo, na mwaka 2007 Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikaanza kazi, ikiwa na wajumbe kutoka Serikalini, kwa waajiri na kwa wafanyakazi. Sumbawanga nayo ina ofisi ya Tume hiyo.

Msuluhishi hana rungu. Hahukumu wala haamuru. Amepewa siku 30 za kuwakalisha pande mbili, kuwasikiliza pamoja na mmoja mmoja, na kuwatafutia neno watakalolikubali wenyewe. Ustadi huo haupatikani darasani peke yake. Ni wa miaka mingi ya kutambua kwamba mkubwa fulani anaona haya kurudi nyuma mbele ya walio chini yake, au kwamba mfanyakazi fulani anataka heshima yake kuliko fedha.

Lakini ustadi huo sasa haumfikii mtumishi wa umma kwa wakati. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yanamtaka amalize kwanza njia zote za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kugusa sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta lililosikilizwa Mtwara, ilieleza kwamba masuala ya nidhamu ya watumishi wa umma hayako katika mamlaka ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hatuibezi sababu ya sheria hiyo. Serikali haiwezi kuendesha nidhamu kwa milango miwili kwa mpigo. Hata hivyo, ngazi iliyowekwa ni ya hukumu na rufaa: kila hatua kuna mtu anayelipima jalada. Hakuna hatua ambayo kazi yake ni kupatanisha.

Tumfikirie muuguzi wa Wampembe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Dai lake la fedha za uhamisho halijibiwi. Anauliza, anakemewa. Anakata tamaa, anaanza kukosa kazini, anapewa hati ya mashtaka. Lililoanza kama hesabu ndogo linakuwa rufaa ya kwenda Dodoma, na zahanati inabaki bila mhudumu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa maoni yetu, kila halmashauri iwe na msuluhishi aliyefunzwa, anayekubaliwa na chama cha wafanyakazi na mwajiri, asikilize kabla ya hati ya mashtaka kuandikwa, kwa siku zenye kikomo. Wizi na rushwa visisuluhishwe. Na kwa kuwa katika migogoro hii Serikali ndiyo mwajiri, na ndiyo pia imlipayo msuluhishi, apewe kinga. Msuluhishi anayeogopa kuhamishwa kwa kumwambia mkurugenzi kwamba amekosea hawezi kuaminiwa na mtu yeyote.

Zanzibar ina sheria zake za kazi za mwaka 2005 na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2011. Viongozi wake wanaweza kujiuliza swali hilo hilo kwa ajili ya mwalimu wa Micheweni au wa Makunduchi: akiwa na kinyongo na mkubwa wake, nani atawakalisha kabla hawajaandikiana barua? Kama jibu halipo, litafutwe sasa, wakati kinyongo kingali kidogo.