Mtoto wa Lindi apewe kitabu cha Lindi

JICHO LA KUSINI
Na Rehema Chilumba

Kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi wa kusini walitembea siku kadhaa kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi wakiwa wamejitwika mifupa. Ilikuwa mifupa ya mijusi wakubwa, dinosaria, waliokufa miaka takriban milioni 150 iliyopita, nayo ilikwisha kugeuka mawe. Wajerumani wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig, waliongoza msafara huo na majina yao yamejaa vitabuni. Lakini mtu aliyewasimamia mamia ya wachimbaji shimoni alikuwa Boheti bin Amrani. Mzigo wote uliosafirishwa kwa meli kwenda Ujerumani ulizidi tani 200. Leo mmoja wa wanyama hao amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi utosini, na watoto wa shule za huko hupelekwa na walimu wao wakamtazame.

Mtoto wa darasa la tano anayeishi vijiji vya jirani na Tendaguru anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuona hata picha ya mjusi huyo. Jina la Boheti hajalisikia. Mjadala wa kuirudisha mifupa nyumbani ni mkubwa na una watu wake. Mimi leo nadai kitu kidogo zaidi, ambacho hakihitaji balozi wala mkataba: kila mkoa wa nchi hii uwe na kitabu chake cha historia na jiografia kwa ajili ya watoto wa shule za msingi, na ramani yake kubwa ukutani. Naanza na Lindi kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu sidhani kama kuna mkoa wenye utajiri mkubwa hivi wa kufundishia na madarasa matupu hivi.

Nianze kwa kutoa haki inayostahili. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umefanya jambo kubwa. Kuanzia darasa la tatu watoto wanasoma somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, na wana Jiografia na Mazingira kama somo linalojitegemea. Waliosoma enzi za Maarifa ya Jamii wanajua jinsi historia ilivyobanwa katikati ya mada nyingine hadi ikakosa pumzi. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Ila kitabu kimoja cha taifa hakiwezi kuibeba mikoa 31. Mwandishi wake, hata awe hodari namna gani, atatoa aya moja kwa Kilwa, aya mbili kwa Maji Maji, kisha aende zake Tabora na Kalenga. Hana la kufanya, kurasa zina mwisho. Mtaala wenyewe unamtaka mwalimu aanzie kwenye mazingira ya mtoto, nyumbani, shuleni, kijijini, ndipo apande hadi wilaya na mkoa. Mwalimu anakubali, anaandika azimio la kazi, anaandaa andalio la somo, halafu anafika kwenye safu ya zana na vifaa na hana cha kuandika. Huyu ni mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka Kagera au Mara. Mto Mavuji ameusikia kwa mara ya kwanza siku aliyoripoti. Atafundisha nini kuhusu Kilwa? Atachukua kiroba kitupu, atakipasua, atachora ramani ya Tanzania kwa kalamu ya wino mzito, mkoa wa Lindi utatokea kama kiganja, na ndani ya kiganja hicho ataweka nukta moja aiite Lindi. Mwalimu huyo simlaumu hata kidogo. Amefanya zaidi ya alichopewa.

Sasa tutazame kilichopo, tuone kama kweli kuna upungufu wa mambo ya kuandika.

Kilwa Kisiwani, pamoja na magofu ya Songo Mnara, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na akausifu mji. Wareno waliuvamia mwaka 1505. Hayo ya msafiri na wavamizi huenda mtoto akayakuta kwenye kitabu cha taifa. Asichokikuta ni sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, ndogo kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kidole cha mtoto. Sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mahali palipohusika na biashara ya dhahabu. Nyingine ziliokotwa na mwanajeshi mmoja mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje kule. Mpe mtoto wa Kilwa Masoko picha ya sarafu hiyo na ramani ya Bahari ya Hindi, umwambie achore njia ambayo anadhani ilipita. Hapo umefundisha pepo za kaskazi na kusi, biashara ya dhahabu, dini, maandishi na jiografia ya bahari, na kengele ya kipindi itawakuta bado wanabishana.

Halafu Vita vya Maji Maji. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo ninapoumia.

Vita hivi vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa ya leo, watu walipong'oa pamba ya shamba la kulazimishwa. Majina ya waliotangulia kuing'oa yanajulikana: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Kinjikitile Ngwale alitoa dawa yake Ngarambe, akanyongwa Mohoro Agosti mwaka huohuo. Boma la Liwale lilishambuliwa mwezi huo, na huko Liwale aliuawa Askofu Cassian Spiss na wenzake waliokuwa safarini. Kisha jeshi la Kijerumani likachoma mashamba na maghala, na walioangamia kwa njaa wakawa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Yote hayo yana mahali. Yana kilima, kijito, njia ya miguu. Mtoto wa Kipatimu anapita kwenye njia hizo akienda shule, kisha anafundishwa Maji Maji kama jambo lililotokea kusini, kana kwamba kusini ni nchi ya watu wengine.

Na tunajuaje haya yote? Tunajua kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walirudi vijijini kwao na daftari na kalamu, wakakaa na wazee, wakauliza, wakaandika. Kazi hiyo iliongozwa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe. Mzee aliyekuwa na miaka kumi wakati wa vita alikuwa na zaidi ya 70 walipomkuta. Wangechelewa miaka kumi na tano tu, wangekuta makaburi. Masimulizi waliyoyakusanya yakawa msingi wa karibu kila kilichoandikwa baadaye kuhusu vita hivyo. Lakini karatasi hizo zilibaki kuwa mali ya maktaba za vyuo na wasomi wanaosoma Kiingereza. Wajukuu wa wazee wale hawajarudishiwa hadithi ya babu zao.

Fasihi nayo ipo. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga utenzi wa vita hivyo. Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya Kinjeketile, alizaliwa Lindi mwaka 1943. Mtoto wa Lindi anasoma shule mpaka anamaliza bila mtu kumwambia kwamba mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia katika lugha hii alicheza kwenye mitaa anayocheza yeye.

Nachingwea ina mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, ikapata reli ya kutoka Mtwara ambayo baadaye iling'olewa, kisha ikawa kambi kubwa ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Songo Songo ina gesi iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, inayowasha taa za Dar es Salaam. Uwanda wa juu wa Rondo una komba mdogo anayeitwa kwa jina la Rondo lenyewe. Na jiografia imekuja mlangoni bila kuitwa: Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, abiria wakalala njiani. Watoto waliyaona maji hayo kwa macho yao. Somo la mito na mabonde lingeanzia pale wiki ileile, kama mwalimu angekuwa na ramani inayoonyesha Mto Matandu unatoka wapi.

Nimekwisha kusikia hofu ya wenye nia njema: tukianza kuandika historia za mikoa tutaamsha ukabila. Hofu hii naiheshimu. Waasisi wetu walijenga taifa moja kwa makusudi, na tunaona majirani waliolipa gharama ya kutofanya hivyo. Lakini mkoa si kabila. Lindi ni ya Wamwera, Wamatumbi, Wangindo, Wamakonde, Wayao, Wamachinga na watu wa pwani, na mkoa wenyewe ulizaliwa 1971 ulipogawanywa kutoka Mtwara. Vita vya Maji Maji ndivyo ushahidi mkubwa tulio nao wa makabila yaliyoamua kupigana pamoja. Mtoto akiyajua hayo kutoka kilimani kwao, ataliamini taifa kwa kina zaidi ya yule aliyelikariri kwa ajili ya mtihani.

Hofu yangu mimi ni nyingine, kwamba kitabu cha mkoa kinaweza kugeuka kitabu cha sifa. Marekani ina uzoefu mrefu katika hili. Texas hufundisha historia ya jimbo darasa la nne na la saba, na California darasa la nne. Kwa miaka mingi watoto wa California walijenga vijumba vya mfano vya misheni za Kihispania na kuvipeleka shuleni kwa fahari, huku mateso ya wenyeji ndani ya misheni hizo yakiguswa juu juu au yasiguswe kabisa. Nasi tunaweza kuteleza vivyo hivyo. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa na watu wamefungwa minyororo, na kati ya walionufaika walikuwemo watu wa hapahapa. Mjini humohumo Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895, naye alikuwa mpinzani wa wakoloni na mfanyabiashara ya watumwa kwa wakati mmoja. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuambiwa yote mawili. Akifichwa nusu, ataipata mtandaoni siku moja na hatamwamini tena mwalimu wake.

Gharama? Sizungumzii kitabu cha anasa. Kurasa 60 au 70, picha nzuri chache, ramani tatu au nne, Kiswahili chepesi. Mkoa una halmashauri sita. Kila moja itoe walimu wawili wanaopenda kazi hii, wakae pamoja likizo ya Juni, wapewe mwanahistoria mmoja na mtu wa Mambo ya Kale, kisha mswada uende Taasisi ya Elimu kupata ithibati kama kitabu cha ziada. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa korosho na ufuta kila msimu. Kuchapa nakala za kutosha shule zote kutoka kwenye mapato ya ndani hakutaua mradi wowote. Vituo vya Walimu vipo kwenye kata, vingine vimegeuka stoo ya madawati mabovu. Walimu tayari hukutana kwa mafunzo yao ya kazini, MEWAKA. Walimu waligawiwa vishikwambi baada ya Sensa ya 2022, na kishikwambi kimoja kinatosha kurekodi sauti ya bibi anayekumbuka treni ya Nachingwea. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1950 sasa amevuka 80. Hesabu ya mwaka 1968 inajirudia mbele ya macho yetu.

Na mtihani uguse kidogo, maana bila hivyo mwalimu mwenye darasa la watoto 90 atakiweka kitabu kabatini. Sisemi mtihani wa taifa. Alama za upimaji endelevu wa shuleni zinatosha: kila mtoto wa darasa la tano afanye kazi moja ya mradi kuhusu mahali anapoishi, ahoji mtu, achore ramani, asome kazi yake mbele ya wenzake.

Vikao vya bajeti za halmashauri huanza mapema kila mwaka, na mabaraza ya madiwani hupitisha makadirio kabla hayajaenda Dodoma. Diwani wako akija kwenye mkutano wa hadhara kabla ya hapo, mwulize kama fungu la kitabu cha mkoa limo. Na wewe mwenye picha ya zamani ya gati la Lindi, tiketi ya treni, barua ya kambi ya Nachingwea au daftari la marehemu baba lenye orodha ya majumbe wa kijiji, usiliache liliwe na mchwa. Lipeleke kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, lipigwe picha, kisha urudi nalo nyumbani.