VIJIDUDU VYA KUNUNULIWA

Siku hizi wako wafanya biashara wanaozunguka katika halmashauri za miji na viwandani wakiuza vijidudu. Huletwa vimekaushwa kama unga mifukoni, au vimo katika maji ndani ya madumu, na ahadi ni moja: vimimineni katika mtambo wa maji machafu, uvundo utakoma na tope litapungua. Fedha inayolipwa ni ya wananchi, au ni jasho la wafanyakazi. Kwa hiyo twaona ni haki kuuliza ni kitu gani hasa kinachonunuliwa.

Hatusemi kwamba vijidudu havina kazi. Ndivyo vinavyofanya kazi yote. Mwaka 1914, huko Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walipuliza hewa katika maji machafu kwa muda wa majuma kama 5 ndipo yakasafika barabara. Wakayamwaga maji, wakalibakiza tope, wakatia maji machafu mengine juu yake, wakarudia hivyo mara nyingi. Hatimaye kazi ya majuma ikamalizika katika muda usiozidi saa 24. Tope lile lilijaa vijidudu hai, wala hakuna aliyewauzia. Vilikuja na uchafu wenyewe.

Gramu 1 tu ya kinyesi cha binadamu ina vijidudu mabilioni kwa mabilioni. Basi kumpelekea mwenye bwawa la maji machafu mfuko wa vijidudu ni kama kumwuzia mvuvi maji ya chumvi. Tena wageni hao huwakuta wenyeji waliokwisha kuzoea mahali. Huliwa, hukosa chakula, au huchukuliwa na maji kabla ya kuzaana. Ndipo muuzaji hushauri kumimina tena kila juma, ushauri ambao yeye haumtii hasara.

Mtambo ukilegea, mara nyingi sababu ni mashine ya hewa iliyokufa, tope lisiloondolewa kwa miaka, au kiwanda kilichomwaga sumu usiku. Kugeuza amonia kuwa naitreti kwahitaji zaidi ya kilo 4 za oksijeni kwa kila kilo 1 ya naitrojeni. Pasipo hewa, vijidudu vya bei yo yote havitaiweza kazi hiyo. Mabwawa kama yale ya Vingunguti, Dar es Salaam, hupata hewa kwa msaada wa jua na mwani, lakini bwawa likijaa tope maji hupita mbio bila kusafika. Hapo panatakiwa pampu na watu. Mfanyakazi wa mtambo huyajua haya kwa pua yake kabla mtaalamu hajafika na vipimo, ila haulizwi.

Ni kweli kwamba mbegu husaidia pale sumu ilipoua vijidudu vyote, au pale vinapotakiwa vile vinavyozaana polepole mno. Mjini Rotterdam, Uholanzi, mtambo mkubwa wa kwanza wa vijidudu vya anamoksi, vinavyoondoa amonia, ulianzishwa mwaka 2002 ukachukua zaidi ya miaka 3 kupata nguvu zake. Mitambo iliyofuata ikatiwa tope lake, ikawahi. Lakini mbegu hiyo ilikuwa tope hai kutoka mtambo wa kazi ileile, si unga wa dukani.

Halmashauri iliyoletewa mifuko, ikiwa mtambo wake una njia mbili, na iutie unga katika moja tu, nyingine iachwe kama ilivyo, na maji ya zote mbili yapimwe kwa miezi kadhaa mbele ya wafanyakazi. Muuzaji alipwe baada ya vipimo kusomwa.