Mashine Haijipigi Picha

Bohari ya Dawa, yenye makao yake Keko, husambaza vifaa vya tiba nchi nzima. Lakini mashine ya eksirei haijiendeshi. Nyuma yake yupo mtaalamu, ambaye akizidisha mionzi humdhuru mgonjwa, na akipiga picha hafifu humpotosha daktari. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2007 iliunda Baraza la kuwasajili wataalamu hao. Hilo ni jambo la haki kwa umma. Lakini haki, ndugu wananchi, ina pande mbili. Mfanyakazi anayetakiwa kuzimudu mashine mpya yapasa apewe nafasi ya kusoma, na elimu aliyoiongeza ionekane katika mshahara wake. Leseni isiyoambatana na masomo wala ujira ni karatasi tu. Na karatasi haimtibu mgonjwa.