Kompyuta Inapopiga Kelele Kwamba Ina Virusi

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuandikia barua ambayo tumeona vema kuijibu hapa badala ya kumjibu peke yake, kwa kuwa jambo lililompata laweza kuingia katika nyumba yoyote yenye kompyuta.

Alikuwa akitafuta katika intaneti namna ya kupika keki isiyotiwa mayai. Ghafula kioo kizima kikawa chekundu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiingereza kwamba kompyuta imeingiwa na virusi, asiizime, na apige simu mara moja la sivyo picha zake na siri za benki zingeibwa. Alipiga. Akapokewa na kijana mpole sana, aliyemwelekeza kuweka programu ya kumwezesha kuiona kompyuta ile kutoka mbali. Kijana akafungua orodha ndefu yenye alama nyekundu na za njano, akasema kila alama ni ugonjwa. Mama akalipa kwa kadi ya benki, fedha zilizokuwa za karo. Sasa anauliza mambo matatu: je, virusi vimekwisha? Amweleze mumewe au anyamaze? Na je, anunue programu ya kinga?

Mama mpendwa, ule ukurasa mwekundu haukuwa na uwezo wa kujua kama una virusi au huna. Ukurasa wa intaneti hauingii ndani ya kompyuta kuikagua. Ni sawa na mtu asimame nje ya lango lako, asiyeona hata mlango wa jikoni, apaze sauti kwamba sufuria yako inaungua. Amewapigia kelele hiyo hiyo majirani wote, akijua kwamba mmoja atatoka mbio na kuacha mlango wazi. Kampuni ya Microsoft, ambayo jina lake hutumiwa sana na matapeli hawa, imeeleza wazi kwamba maonyo yake ya kweli hayawekwi namba ya simu kamwe. Basi ukiona onyo la virusi lenye namba ya simu, umekwisha kupata jibu.

Na ile orodha ya alama? Kompyuta zinazotumia Windows huandika kila jambo linalotokea ndani yake, kama mlinzi wa usiku anayeandika katika daftari lake paka aliyepita, gari lililogeuzia langoni, taa iliyozimika. Kompyuta nzima kabisa huwa na alama hizo nyingi. Tapeli huchukua daftari la mlinzi na kukusomea paka wote kuwa ni wezi.

Usijilaumu kupita kiasi, maana hila hii imetumiwa hata katika maduka yenye taa na risiti. Mwaka 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya maduka ya Office Depot na kampuni ya Support.com zimekubali kulipa jumla ya dola milioni 35 ili kumaliza madai dhidi yao. Mteja alipopeleka kompyuta kupimwa bure, aliulizwa maswali manne: je, inakwenda polepole? Imewahi kuonyesha maonyo ya virusi? Huzimika ghafula? Huibua matangazo yanayosumbua? Kwa mujibu wa tume hiyo, akijibu ndiyo kwa swali moja tu, kipimo kilitoa jibu kwamba dalili za virusi zimeonekana. Upimaji wenyewe haukuhusika na jibu hilo. Watu walilipa mamia ya dola kutibiwa ugonjwa walioutaja wao wenyewe! Na nani asiye na kompyuta inayokwenda polepole?

Sasa, king'ora kikilia tena nyumbani mwako, fanya hivi. Kwanza punguza sauti, kwa sababu kelele ndiyo inayokufanya ushindwe kufikiri. Usibofye popote ndani ya ukurasa ule, hata pale palipochorwa alama ya kufungia, kwani alama hiyo nayo yaweza kuwa mtego. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa ili ukurasa uache kujaza kioo, kisha funga kivinjari, yaani ile programu unayofungulia intaneti. Kikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi, nawe uchague kivinjari na kubofya End task. Hata hapo ikishindikana, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izimike. Kazi ambayo hukuihifadhi itapotea, lakini hilo ni dogo. Utakapoiwasha tena, kivinjari kikikuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

Wengine husumbuliwa na vidirisha vidogo vya maonyo vinavyoibuka pembeni mwa kioo kila siku. Mara nyingi ni tovuti fulani iliyoomba ruhusa ya kutuma arifa, na mtu wa nyumbani, labda kijana aliyekuwa akitafuta filamu ya bure, akaikubalia. Ingia katika mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya arifa, ondoa ruhusa za tovuti usizozijua.

Kwako wewe uliyemkaribisha yule kijana ndani, kuna kazi zaidi, na tunakuomba usiisubirishe. Tenga kompyuta na intaneti. Piga simu benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, uwaambie wazi kwamba umetapeliwa, wafunge kadi na kukueleza kama malipo yaweza kupingwa. Kwa kutumia kompyuta nyingine au simu, badili neno la siri la barua pepe kwanza, maana ndilo ufunguo wa mengine yote, halafu ya benki. Kisha mpelekee kompyuta fundi unayemwamini, aiondoe ile programu ya kuonea kutoka mbali. Akiwa na shaka kwamba kuna kingine kilichoachwa ndani, ahifadhi picha na barua zako pembeni, afute yote na kuweka Windows upya.

Jiandae pia kwa simu ya pili. Wakishapata jina lako, huweza kurudi baada ya wiki au miezi wakijifanya wanakurudishia fedha zako, na kukutaka ufungue akaunti ya benki mbele yao. Kata simu.

Kuhusu mumeo, mweleze leo. Hatusemi hivi kwa sababu ya adabu tu. Akaunti ni yenu wote, na simu ile ya pili yaweza kupokewa na yeye asiyejua lolote, au na binti yenu. Matapeli hawa wanategemea sana aibu ya aliyetapeliwa. Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kuazima, mkiletewa habari kama hii, piganeni na benki kwanza. Ukali hautarudisha hata senti.

Na swali la mwisho. Windows 10 na 11 zina kinga yake ndani, iitwayo Microsoft Defender, isiyolipiwa zaidi, nayo yatosha kwa nyumba nyingi mradi ipokee masasisho. Ila Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo utakapokuwa kwa fundi, muulize kama kompyuta yako yaweza kupandishwa hadi Windows 11, kwani nyingi za zamani haziwezi.