Wanahesabu Milango ya Vyoo, Hawatuhesabu Sisi

Jambo hili hatulizungumzi harusini wala kwenye vikao vya jumuiya, maana linatia aibu. Lakini wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ndugu zetu wengi waliokuja Marekani kama wakimbizi kutoka Kongo wanafanya kazi katika viwanda vya kuku na nyama. Humo, mtu mzima mwenye wajukuu anaweza kujikuta akiinua mkono kama mtoto wa shule kuomba ruhusa ya kwenda haja ndogo, na akanyimwa.

Mwajiri akiulizwa, anatoa karatasi. OSHA, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, imeweka hesabu yake: wafanyakazi 1 hadi 15, choo kimoja, 16 hadi 35, viwili, 36 hadi 55, vitatu, na kuendelea. Milango inahesabiwa, maji yanatoka, sabuni ipo, basi kiwanda kimefaulu. Sisi tunasema hicho ni nusu ya kipimo. Kimepima jengo, hakikumpima mtu.

Mwaka 2016 shirika la Oxfam America lilitoa ripoti juu ya viwanda vya kuku. Wafanyakazi walieleza jinsi wanavyonyimwa ruhusa, wanavyojizuia kunywa maji, na wengine wanavyovaa nepi kazini. Vyoo vilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kushika nafasi ya anayetoka, kwa kuwa mkanda wa kuku haumngoji mtu. Na OSHA yenyewe iliandika tangu Aprili 1998 kwamba choo kuwepo hakutoshi. Mfanyakazi aruhusiwe kukitumia anapokihitaji. Kanuni inajua hivyo, ila kipimo cha kuhesabu milango hakijui.

Makampuni makubwa nayo yana ahadi ya maji salama, vyoo na usafi kazini, iliyoanzishwa mwaka 2013 na muungano wao, WBCSD. Ni jambo jema, lakini anayejaza fomu ni kampuni yenyewe. Mwanafunzi akijisahihishia mtihani, nani atashangaa akipata mia?

Wapo wenzetu watakaosema, "Tulikuja kutafuta dola, hatukuja kutafuta choo." Tunawajibu: mama anayebana mkojo zamu nzima, siku nenda rudi, anajitafutia maambukizi, na dola hiyo ataipeleka kwa daktari. Na anayepewa dakika chache za kuvua aproni, kwenda chooni na kurudi, atanawa mikono saa ngapi? Nyama anayoishika inaliwa na watu wote, pamoja na watoto wa msimamizi wake.

Tunataka waulizwe wafanyakazi, kwa lugha yao, Kiswahili kikiwemo, na msimamizi asiwepo. Tangu uombe ruhusa hadi uachiwe, zilipita dakika ngapi? Wiki hii ulikataliwa mara ngapi? Ulijinyima maji kabla ya zamu? Ulipata muda wa kunawa kwa sabuni? Uliwahi kuadhibiwa kwa kwenda chooni?

Wenye vyama vya wafanyakazi wayapeleke maswali haya mezani mkataba unapojadiliwa. Wasio navyo waanze kuandika saa na dakika kwenye daftari. Kiwanda kinachojua kila dakika kimepitisha kuku wangapi hakishindwi kujua mtu amengojeshwa dakika ngapi.