Kilichoshindiliwa Mtutuni

Mkulima wa Mohoro anayekesha dunguni kulinda mpunga hana silaha nyingi dhidi ya nguruwe mwitu. Ana debe la kupiga na moto wa kuwasha; wengine wana gobori, ile bunduki ya kushindiliwa mdomoni. Haja yao si ya mzaha. Watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2005 walionyesha kwamba simba wa kusini mwa Tanzania waliwashambulia watu zaidi wakati wa mavuno, pale wakulima walipolala mashambani ili kuwafukuza nguruwe hao.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki bunduki bila leseni, na ni sawa. Hata hivyo, majeruhi akishafika zahanati, swali la kwanza lisiwe leseni. Liwe: mtutuni mlishindiliwa nini?

Jibu lake ni sehemu ya tiba. Mtutu wa gobori hustahimili baruti nyeusi tu, nayo kwa kipimo. Baruti isiyotoa moshi, iliyomwagwa kutoka risasi ya kiwandani, huleta shinikizo kubwa mno. Bomba hupasuka karibu na shavu na kuharibu jicho na mkono ulioshika mtutu. Kipande cha msumari kikiwa mwilini, mgonjwa hafai kuingizwa katika mashine ya picha za sumaku. Marisau ya risasi yaliyokwama ndani ya kiungo huyeyuka polepole katika ute wake na kuitia damu sumu, hivyo yafaa yatolewe.

La hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Kitambaa au makumbi ya nazi yaliyosokomezwa juu ya baruti huingia kidondani pamoja na udongo, na eksirei haiyaonyeshi. Nchini Marekani, baada ya sherehe za Julai 4 mwaka 1903, watu zaidi ya 400 walikufa kwa pepopunda, wengi wao wakiwa wamejeruhiwa na risasi za bandia zenye baruti na kizibo tu. Kidonda cha namna hiyo kifunguliwe, kisafishwe, kisishonwe siku hiyohiyo, na kinga ya pepopunda itolewe.

Lakini nani atasema kweli mbele ya mhudumu anayeanza kwa kudai PF3? Fomu ina mahali pake, ila damu inayovuja haiwezi kuisubiri. Anayeogopa polisi atasema aliangukia kisiki, na makumbi yatabaki ndani.

Mwenye leseni atumie risasi za kiwandani zinazolingana na bunduki yake, asizifungue wala kuzijaza upya. Jicho likiumia lisifikichwe wala kubanwa. Lifunikwe kwa kikombe safi na mgonjwa apelekwe hospitali. Na sufuria iliyoyeyushiwa bamba za betri ili kupata marisau isirudi tena jikoni. Lugha yetu imeyapa madini hayo na kombora la bunduki jina moja, risasi, na mtoto anayevuta moshi wa jiko hilo hudhurika bila mlio wowote kusikika.